Orki Mia Mbili

Katika kitabu cha Dungeons & Dragons kilichotoka mwaka 1981, mpiganaji anayeanza mchezo anahitaji alama za uzoefu 2,000 ili apande kutoka daraja la kwanza hadi la pili. Orki mmoja akiuawa, anatoa alama 10. Kwa hiyo anayetegemea upanga tu itambidi awaue orki 200, tena awaue akiwa peke yake, maana alama hugawanywa kwa wote waliorudi hai. Katika toleo la tano la mchezo huohuo, lililotoka mwaka 2014, alama zinazohitajika ni 300 na orki mmoja ana alama 100. Watatu wanatosha.

Ubishi kuhusu matoleo ya mchezo huu umewazidi umri wengi wanaoucheza leo. Watu hubishana lipi lina uwiano, lipi ni rahisi kufundisha, lipi liliwapendelea wachawi, lipi liliwaharibu. Nimeusikiliza ubishi huo kwa miaka na nimechangia sehemu yangu. Lakini kuna swali moja linalopaswa kutangulia mengine, na mara nyingi linarukwa: kitabu kinamlipa mchezaji kwa kufanya nini? Ukishajua malipo yako wapi, umejua watu watafanya nini mezani, hata kama utangulizi wa kitabu unaahidi mambo mengine kabisa.

Kwa asiyeujua mchezo, maelezo ni mafupi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimamizi: ndiye anayejua mapango yamekaaje, nani anaishi humo na mlango upi una mtego. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, alama zake za uhai. Msimamizi anaeleza mnachokiona, ninyi mnasema mnafanya nini, na pale matokeo yasipojulikana dadu linarushwa. Hakuna mshindi. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 kule Marekani, vijitabu vitatu ndani ya sanduku dogo, nakala 1,000 kwa kuanzia. Vilikuwa vijitabu vya watu waliozoea kupiganisha majeshi ya vinyago, na viliandikwa kana kwamba kila msomaji ni mmoja wao.

Kitabu nitakachokitumia kuwakilisha upande wa zamani ni cha Tom Moldvay, kile cha 1981, kwa sababu rahisi: kinasomeka. Kina kurasa 64 na kinafundisha. Humo chanzo kikuu cha alama si kuua. Ni hazina. Kila sarafu ya dhahabu mtakayoitoa mapangoni na kuifikisha salama ni alama moja. Sarafu 2,000 zilizofichwa chini ya kitanda cha mkuu wa orki zina thamani sawa na orki 200, na sarafu hazirushi mikuki.

Tazama kanuni nyingine zinavyoyazunguka malipo haya. Mwenge unawaka saa moja kisha unazimika. Kila baada ya dakika 20 za mchezo msimamizi anarusha dadu la pande sita. Likitoka moja, kuna kitu kinazurura na kimewafikia, na mara nyingi kitu hicho hakijabeba chochote cha maana, yaani ni hatari isiyolipa. Dhahabu ina uzito: mtu hawezi kubeba zaidi ya sarafu 1,600, na akikaribia kiwango hicho anajikokota kama punda aliyelemewa. Alama za uhai za mchawi zinaamuliwa na dadu la pande nne, na zikifika sifuri amekufa, basi. Mkikutana na viumbe, msimamizi anarusha madadu mawili kujua wanawapokeaje: huenda wakashambulia, huenda wakasita, huenda wakataka maneno. Hata vita vikianza, maadui wakimpoteza mwenzao wa kwanza ari yao inapimwa kwa dadu, na huenda wakatimua mbio.

Kila moja ya kanuni hizi, ukiichukua peke yake, ni usumbufu mtupu. Nani anataka kuhesabu mienge? Lakini ziweke pamoja na ile ya dhahabu, utaona zote zinasukuma upande mmoja: ingia kimya, jua unachokitafuta, kichukue, toka. Anayepigana amekosea hesabu. Si kwamba kitabu kinahubiri amani. Kinachofanya ni kumnyima mpiganaji mshahara wa maana na kumwachia hasara yote.

Niliwahi kulijaribu hili kwa makusudi. Nilichukua mapango ya The Keep on the Borderlands, kisa cha Gygax kilichokuwa ndani ya sanduku lile la 1981, nikayachezesha mara mbili kwa makundi mawili ya marafiki, la kwanza kwa kanuni za Moldvay, la pili kwa zile za 2014. Katika mapango hayo kuna goblini walio na jirani zimwi. Wakizidiwa, wanalitupia mfuko wenye sarafu 250 nalo linatoka kuwasaidia. Kundi la kwanza, baada ya kumpoteza mwenzao mmoja mapema sana, walimshika goblini mmoja, wakamhoji, wakagundua habari za mfuko. Kisha ikawa nusu saa ya ubishi mezani. Zimwi linalala saa ngapi? Linaelewa lugha gani? Tukilipa 300 na goblini wakaongeza, tutafika wapi? Mwishowe walilipa. Zimwi likarudi kulala, wao wakapita na kubeba hazina ya watu ambao hawakuwahi kuona sura zao. Hakuna aliyechomoa upanga jioni yote.

Kundi la pili walipolisikia zimwi likipumua, walitazamana, wakatabasamu, wakashika madadu. Pambano lilikuwa zuri, na sisemi kwa kejeli. Mmoja alianguka, akaokolewa, wakashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Watu hawa si wakali kuliko wale wa kwanza. Wawili kati yao hawawezi hata kumchinja kuku. Walichofanya ni kusoma karatasi zao. Karibu kila uwezo ulioandikwa pale ulikuwa wa vita, na zimwi lile lina alama 450, zaidi ya theluthi ya zile ambazo wahusika wanne wanahitaji kupanda daraja. Ni kweli kitabu kinamruhusu msimamizi kutoa alama kwa mambo mengine. Lakini ruhusa ni jambo moja na bei iliyochapishwa ni jambo jingine. Katika kitabu cha viumbe cha 2014 kila kiumbe ana alama zake zimeandikwa kwenye maelezo yake. Kwa maneno ya zimwi na goblini hakuna bei iliyochapishwa.

Anayetetea matoleo mapya ana jibu zito hapa, nami nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Anasema: unachokisifu ni uporaji. Wageni wanatoka ngomeni, wanaingia katika makazi ya wengine, wanabeba mali, na kwa kila sarafu wanayoibeba wanakuwa bora zaidi. Msomaji aliyesoma shuleni habari za kampuni za Wajerumani na Waingereza zilizokuja pwani yetu miaka ya 1880 zikiwa na hati mkononi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Na kisa chenyewe hakimsaidii mtetezi wa zamani. Ngome imewekwa mpakani mwa ustaarabu, mapango yote ni ya maovu, na humo ndani orodha ya vyumba inawataja mpaka wanawake na watoto wa viumbe hao, pamoja na maelezo kwamba hawapigani. Mwandishi aliwaweka pale, kisha akanyamaza, kana kwamba idadi yao ni habari ya kutosha.

Nakubali yote hayo. Nisichokubali ni kwamba toleo jipya limeondoka huko. Ngome bado ipo, mapango bado yapo, wageni bado wanaingia bila hodi. Kilichobadilika ni jina la kazi na mahali pa kupokea mshahara. Mwaka 1981 wewe ni mtafuta mali na kitabu kinakuambia hivyo waziwazi, kwa tarakimu. Mchezaji akiona aibu, aibu hiyo ina pa kushika: tunawaibia watu hawa, na je, ni lazima tuwaue pia? Mwaka 2014 wewe ni shujaa, na mshahara wako ni damu. Neno shujaa limelifunika swali. Kati ya mwizi anayejijua na muuaji aliyevishwa nishani, najua nani ninaweza kumwandikia hadithi.

Tukiwa bado kwa orki: katika kitabu cha wachezaji cha 2024 wamehamishwa. Sasa ni mojawapo ya jamii ambazo mchezaji anaweza kuchagua mhusika wake atoke huko. Nimefurahi, sikatai. Ila waliobaki upande wa pili bado wana bei kando ya majina yao.

Safari ya malipo kutoka dhahabu hadi damu haikuwa ya siku moja. Toleo la pili, la 1989, liliisukuma dhahabu pembeni likaifanya kanuni ya hiari, na likapendekeza, kwa hiari pia, kwamba kila fani ilipwe kwa kazi yake: mchawi kwa uchawi wake, mwizi kwa mali aliyoipata, mpiganaji kwa maadui aliowashinda. Naona wazo hilo ni bora kuliko sifa lililopata. Tatizo lake ni daftari. Msimamizi alihitaji karani pembeni. Mwaka 1997 kampuni ya TSR, iliyouchapisha mchezo tangu mwanzo, ilinunuliwa na Wizards of the Coast, na mwaka 2000 likaja toleo la tatu la Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Kama ufundi wa kanuni, hilo ni kazi nzuri sana. Jedwali nyingi za zamani zilifutwa, likabaki jambo moja: rusha dadu la pande 20, ongeza nyongeza yako, ifikie namba. Lakini hapo ndipo kila kiumbe alipopewa kipimo cha ugumu dhidi ya kundi la watu wanne, na alama zikafuata kipimo hicho. Dhahabu ikawa fedha ya kununulia panga za kichawi ili upambane na kiumbe anayefuata.

Toleo la nne, la 2008, nitalitetea ingawa sitalicheza tena. Ndilo lililotukanwa kuliko yote. Uwezo wa kila mhusika uligawanywa kwa mapigo: la kutumia wakati wowote, la mara moja kwa pambano, la mara moja kwa siku. Uwanja ulipimwa kwa miraba. Watu wakasema huu ni mchezo wa kompyuta uliochapwa kwenye karatasi, na wengi wakahamia Pathfinder ya kampuni ya Paizo mwaka 2009, iliyoendeleza kanuni za toleo la tatu. Kosa la toleo la nne, kwa maoni yangu, ni kusema kweli. Lilitazama mahali malipo yalipokuwa yameelekea kwa karibu miaka ishirini, likasema: haya, huu ni mchezo wa vita, basi tuufanye mchezo mzuri wa vita. Mashabiki hawakupenda kuambiwa hivyo. Mimi nililichoka kwa sababu nyingine: pambano moja liliweza kula jioni nzima, na mhudumu akaanza kupanga viti juu ya meza tukiwa bado mzunguko wa nne.

(Mcheza bao haisumbukii biashara hii. Hakuna kampuni inayotoa bao toleo la sita na kumwambia kuwa kete zake zimepitwa na wakati.)

Toleo la tano lilipokuja, lilikuwa na hekima ya kurudisha urahisi. Kanuni ya kurusha madadu mawili na kuchukua lililo juu pale hali inapokupendelea ni jambo la kueleza kwa sekunde kumi, na inachukua nafasi ya kurasa nzima za nyongeza na makato. Mhusika aliyeanguka anapewa nafasi ya kurusha dadu kati ya uhai na mauti kabla hatujamzika. Kwa mtu anayecheza mara ya kwanza hilo ni kubwa. Kumwambia mgeni kwamba mhusika aliyemtungia jina na mama amekufa dakika ya kumi na tano ni njia nzuri ya kutomwona tena. Pia Moldvay anakubana: ukichagua kuwa elfu wa msituni, basi elfu ndiyo kazi yako, huwi mwizi wala kasisi. Ukiwa na jioni moja tu na watu wanaotaka kuwa mashujaa, chukua toleo la tano na usiniulize mara mbili.

Kuna pia utetezi mwingine wa toleo hili, ambao ndio mgumu zaidi kwangu. Meza nyingi siku hizi hazihesabu alama kabisa. Kisa kikifika mahali fulani, msimamizi anatangaza: wote mmepanda daraja. Kitabu chenyewe kinaitaja njia hiyo. Je, si suluhisho? Hakuna anayelipwa kwa kuua.

Sawa, lakini basi analipwa kwa nini? Analipwa kwa kufika pale msimamizi alipokwisha kupanga wafike. Hapo mchezaji anageuka abiria mwenye tiketi. Akiamua kwamba habari za binti mfalme aliyetekwa hazimhusu, akauza ramani na kushika njia ya mto, hakuna alama huko, maana kisa hakiko huko. Dhahabu haikuwa na adabu hiyo. Ilikuwa imefukiwa pande zote, ndani ya kisa na nje yake, na mchezaji aliyekataa kumfuata msimamizi aliendelea kulipwa. Ukaidi ulikuwa na riziki yake. Nikiulizwa ni kitu gani hasa kimepotea kati ya 1981 na leo, sitataja ugumu wala vifo vya ghafla ambavyo wazee wa mchezo huvililia. Nitataja hicho.

Haya yangekuwa maneno ya mashabiki tu kama si jambo lililotokea Januari 2023. Rasimu ya leseni mpya ya kampuni ilivuja, ikionekana kuwabana wote waliokuwa wakitengeneza vitabu vyao kwa kutumia kanuni za mchezo huu. Hasira zilikuwa kubwa, na tarehe 27 mwezi huohuo kampuni ikaziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuzinakili, kuzibadilisha, kuzitafsiri na hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Anayetaka kuuandika mchezo huu kwa Kiswahili leo hahitaji kumwomba mtu ruhusa.

Najua vijana wawili watatu wanaolifikiria jambo hilo, na kila tunapokutana mazungumzo yanaishia kwenye msamiati: tuseme jadu au uchawi, zimwi au jitu, kasisi au kuhani. Ni mazungumzo matamu. Lakini hati wanayotaka kuitafsiri ina viumbe kurasa kwa kurasa, kila mmoja na alama zake. Ukimwita goblini kibwengo na kumwacha na alama zake 50, umetafsiri jina lake, na kazi yake imebaki ileile. Ningeanza na jedwali la malipo, kabla ya majina.

Mezani kwetu sasa tunatumia kitabu cha Moldvay na badiliko moja. Dhahabu haihesabiki kwa kutolewa pangoni. Inahesabika ikitumika kijijini, mbele ya watu, kwa kitu ambacho mhusika hawezi kukibeba akiondoka. Mpiganaji wetu alilipa deni la mahari la mtu asiyemjua, na tulibishana wiki nzima kama hiyo ni hisani au ni kununua mfuasi. Mwizi anahitaji alama 1,200 kupanda daraja la pili. Amebakiza 340, na kikao kilichopita alikitumia karibu chote akivutana na fundi kuhusu bei ya mbao za paa.